Video ya kwanjula na diski ya Blu-ray: gharama isiyofika sebuleni

Katika bajeti za harusi na kwanjula, yaani sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi nyumbani kwa bibi harusi, zinazosomwa kwenye mikutano ya maandalizi hapa Kampala, kifungu cha video kimekuwa kirefu kuliko kilivyokuwa zamani: idadi ya kamera, droni, skrini ya kuonyeshea tukio ukumbini, albamu, na mwisho kabisa mstari unaotaja namna kazi itakavyokabidhiwa. Mstari huo husomwa haraka, kwa kuwa wanakamati wakishafika hapo wamechoka na mawazo yao yako kwenye ahadi ambazo hazijalipwa. Baadhi ya studio, hasa zile zinazotaka kujitenga na wapiga video wa bei ya chini, huandika hapo kwamba mteja atapata nakala kadhaa za DVD na nakala moja au mbili za Blu-ray, yaani diski ya ubora wa juu, kisha nakala hizo za Blu-ray zikatozwa bei ambayo ingetosha kununua flashi kadhaa. Hoja yangu ni kwamba, kwa soko la Uganda jinsi lilivyo sasa, nakala ya Blu-ray haifai kuwa sehemu ya kawaida ya mkataba. Diski yenyewe ni chombo kizuri, na haki inanitaka niueleze uzuri huo kwanza, kabla ya kuonyesha kwa nini haumfikii anayeulipia.

DVD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, na katika mfumo wa PAL unaotumika Uganda hubeba picha yenye nukta 720 kwa 576. Picha kamili ya HD, ambayo ndiyo Blu-ray huibeba, ina nukta 1920 kwa 1080. Ukizidisha, DVD inapata nukta 414,720 na HD inapata 2,073,600, ambazo ni mara 5 kamili. Blu-ray, iliyoingia madukani mwaka 2006, husomwa kwa mwale wa leza wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 405, ilhali mwale mwekundu wa DVD una nanomita 650. Mwale huo mwembamba unaweza kusoma alama ndogo zaidi zilizosongamana zaidi, na ndiyo maana diski yenye upana uleule wa sentimita 12 hubeba gigabaiti 25 kwa tabaka moja au 50 kwa matabaka mawili, badala ya 4.7 au 8.5 za DVD.

Mtu aliyewahi kuhariri kwanjula anaelewa mara moja maana ya tofauti hiyo. Kwanjula ni sherehe ndefu. Wasemaji wa pande mbili hujibizana kwa mafumbo na vichekesho kwa saa nzima kabla bwana harusi hajatambulishwa, makundi ya wasichana na mashangazi huingia na kupiga magoti kwa zamu, zawadi hupangwa moja baada ya nyingine, na hakuna ssenga, yaani shangazi wa upande wa baba, anayekubali sehemu yake ikatwe. Ukimaliza kuhariri kwa huruma utabaki na saa 3. Saa 3 ndani ya DVD ya gigabaiti 4.7 zinakuachia takriban megabiti 3.5 kwa sekunde, sauti ikiwemo, na kwa MPEG-2, mbinu ya zamani ya kubana picha ambayo DVD inailazimisha, hicho ni kiwango cha njaa. Matokeo yake yanaonekana bila kuwa fundi: wachezaji wa ngoma wakianza kutikisa viuno picha inavunjika vipande vya miraba, kitambaa cha gomesi, lile vazi refu la wanawake la sherehe, kinachong'aa chini ya hema lenye taa za rangi kinageuka matope, na mistari myembamba ya mikeka waliyokalia kina mama inacheza-cheza kana kwamba mkeka una wadudu. Saa hizo 3 ukiziweka kwenye Blu-ray ya gigabaiti 25 unapata megabiti zaidi ya 18 kwa sekunde, tena kwa H.264, mbinu ambayo hubana vizuri zaidi. Gomesi inabaki gomesi, na darizi ya kanzu inahesabika nyuzi. Kwenye televisheni ya inchi 50 tofauti hiyo haihitaji kutafutwa.

Kwa hiyo anayesema Blu-ray ni bora kuliko DVD anasema kweli. Tatizo ni kwamba ulinganisho huo ulikuwa na maana pale mteja alipokuwa na njia mbili tu, na njia hizo zilikuwa diski na diski. Leo video ileile, yenye megabiti zilezile, inaweza kuwekwa kwenye flashi na kuchomekwa nyuma ya televisheni. Ubora umo kwenye faili. Umo kwenye kamera, taa, mkono wa mhariri na idadi ya megabiti alizoamua kuziacha, na ukishatoka hapo unaweza kusafiri kwa chombo chochote chenye nafasi ya kutosha. Studio inayoiuza diski kana kwamba ndiyo iliyoleta ubora inamtoza mteja mara mbili kwa kazi moja.

Swali ambalo kamati hailiulizi ni hili: hiyo diski itachezwa wapi? Deki za DVD ziliingia katika nyumba za Waganda kwa nguvu kubwa, na nguvu hiyo haikutoka kwa wapiga video wa harusi. Ilitoka kwenye filamu. Vibanda vya video, na wale wafasiri wanaosimulia filamu kwa Kiluganda juu ya sauti ya asili, waliufanya mtaa mzima utake deki; filamu zilizotafsiriwa zilichomwa kwenye DVD na kuuzwa kando ya barabara kwa bei ya mtu wa kawaida, na deki za bei nafuu kutoka China zikafuata njia hiyo hiyo. Mpiga video wa harusi alidandia tu soko lililokwisha kujengwa. Blu-ray haikupata msukumo wa aina hiyo. Toshiba ilipoliacha shindano na kuizika HD DVD, diski iliyokuwa mpinzani wa Blu-ray, tarehe 19 Februari 2008, mshindi alijulikana duniani kote, lakini ushindi huo hapa kwetu haukuwa na filamu za mtaani za kuubeba. Hakuna mfasiri aliyeona sababu ya kuchoma simulizi yake kwenye diski ya bei kubwa kwa wateja wasio na deki yake, na mteja hakuona sababu ya kununua deki isiyo na filamu. Kaya zilipopata fedha ya kubadilisha vifaa zilinunua televisheni bapa yenye tundu la USB, dekoda, au sabufa inayosoma flashi. Wauzaji wa filamu nao wakahamia kwenye kujaza flashi na kadi za simu.

Mtu atanijibu kwamba Blu-ray ziko nyingi kuliko ninavyodhani, kwa kuwa kila PlayStation yenye tundu la diski, kuanzia ile ya tatu, inazicheza. Ni kweli, na nadhani ndiyo mashine ya Blu-ray inayopatikana kwa urahisi zaidi Kampala. Lakini mashine hiyo mara nyingi iko chumbani kwa kijana au kwenye banda la michezo. Wazazi wa bibi harusi, ambao ndio walengwa wakuu wa nakala ile ya heshima, watalazimika kumwita mjukuu aje kuwaonyesha sherehe yao, na mjukuu atakuwa na mchezo ulio katikati.

Huko zinakotoka diski hizi, hali si ya kutia moyo. Samsung ilitangaza mwaka 2019 kwamba haitapeleka tena deki mpya za Blu-ray katika soko la Marekani. Panasonic iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray mwaka 2023. LG ilisimamisha deki zake mwaka 2024. Sony, ambayo ndiyo iliyoongoza uundaji wa teknolojia yenyewe, ilifunga utengenezaji wa diski za kurekodia mwezi wa Februari 2025. Watengenezaji wengine wa diski tupu wangalipo, Verbatim wakiwa miongoni mwao, kwa hiyo si kwamba bidhaa itatoweka kesho asubuhi. Lakini wanandoa waliofunga ndoa mwaka huu katika Kanisa Kuu la Namirembe au msikiti wa Kibuli wanakabidhiwa kitu ambacho deki yake itakuwa adimu watakapoadhimisha mwaka wa 10. Jambo hili tumeliona likitokea kwa mikanda ya VHS. Mafundi wa Kampala bado wanapata riziki kwa kuihamisha mikanda hiyo kwenye faili, na wenye mikanda wanalipa kwa sababu deki ya mwisho ya nyumbani ilikufa na hakuna wa kuitengeneza.

Upande wa programu uliwahi kufa hata mapema. Adobe iliacha kuendeleza Encore, programu ambayo wahariri wengi waliitumia kutengenezea menyu za DVD na Blu-ray, baada ya toleo la CS6 la mwaka 2012. Apple haikuwahi kuweka tundu la Blu-ray katika kompyuta zake. Mhariri wa leo anayetoa Blu-ray yenye menyu nzuri hutegemea ama programu ndogo za watengenezaji wachache waliobaki, ama kompyuta ya zamani aliyoitunza kwa sababu hiyo moja. Ongeza muda wa kuchoma: diski ya gigabaiti 25 kwa kasi ya mara 4 inachukua kama dakika 23, na ukitaka kuihakiki baada ya kuichoma, kama inavyopaswa, muda unakaribia mara mbili. Umeme ukikatika katikati, na studio haina betri ya akiba, diski hiyo imekwisha. Haiwezi kuanzwa upya kama faili linalonakiliwa.

Hoja inayorudiwa zaidi na watetezi wa diski ni ya ndugu walio ng'ambo. Inasemwa kwamba shangazi aliye London au kaka aliye Boston ana deki ya Blu-ray, hivyo nakala moja iandaliwe kwa ajili yake. Hapa ndipo mambo ya kiufundi yanapovuruga nia njema. Kwa Uingereza hakuna taabu kubwa, maana nchi hiyo nayo hutumia picha za kasi ya 50 kwa sekunde kama sisi, na diski iliyochomwa studio haina kifungo cha kanda, kile kinachozuia diski kuchezwa sehemu nyingine ya dunia, kama zile za filamu za madukani. Marekani ni habari nyingine. Deki nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hukataa kabisa diski ya kasi ya 50: skrini inabaki nyeusi au deki inatoa ujumbe kwamba diski haisomeki, na kaka anapiga simu kulalamika kwamba ametumiwa diski mbovu.

Kasi hiyo ya picha ina mtego mwingine ambao hata wapiga video wazoefu huupita bila kuuona. Kamera nyingi zilizouzwa tangu kiwango cha AVCHD cha kurekodi video za HD kilipopanuliwa mwaka 2011 zinaweza kurekodi picha kamili 50 kwa sekunde katika HD kamili, na mwendo wake ni laini sana kwa ngoma; ukiona ngoma ya doluka ya Wanubi wa Bombo imepigwa hivyo utaelewa. Blu-ray ya kawaida haiikubali kasi hiyo kwa ukubwa huo. Inataka uchague: ama ushushe picha hadi nukta 1280 kwa 720 ili ubaki na picha 50 kamili, ama ubaki na 1920 kwa 1080 lakini picha zigawanywe katika nusu-nusu zinazopishana. Hata picha 25 kamili kwa sekunde, ambazo wapenzi wa mwonekano wa sinema huzitumia, haziingii zilivyo. Lazima zifungwe ndani ya mfumo wa nusu zinazopishana. Anayetaka diski itakayokubalika Boston huishia kuipunguza kasi video yake kutoka picha 25 hadi 24, kisha airekebishe sauti, la sivyo kwaya nzima itaimba chini kidogo ya ilivyoimba. Faili lililo kwenye flashi au kwenye kompyuta halina vikwazo hivi hata kimoja.

Na tukisema ubora wa juu, tuseme pia kwamba ubora wa juu umehama. Kamera za studio nyingi na hata simu janja za wageni sasa hurekodi 4K, yaani nukta 3840 kwa 2160, mara 4 ya HD. Diski ya 4K ipo tangu 2016, lakini ni bidhaa ya viwanda vya filamu, na studio ya Wandegeya au ya Arua haina njia ya kawaida ya kuitengeneza. Mteja aliyelipia upigaji wa 4K kisha akapewa Blu-ray amepewa robo ya nukta alizozilipia, huku flashi ambayo studio iliitupia kama nyongeza ndiyo iliyobeba kazi kamili. Nimeona karatasi ya bei iliyopanga mambo kinyume hivyo, Blu-ray juu kabisa kwenye kifurushi cha dhahabu na flashi chini kwenye kifurushi cha kawaida, na sidhani mwenye studio alikuwa na nia mbaya. Ni mpangilio uliorithiwa kutoka miaka ambayo flashi ya gigabaiti 32 ilikuwa anasa.

Pamoja na hayo yote, diski ina sifa moja ambayo flashi haina, na ni sifa kubwa. Haifutiki. Ukishaichoma, mpwa hawezi kuifuta ili apate nafasi ya kuweka nyimbo za sabufa. Atakayesema ninatia chumvi hajaishi katika nyumba yenye vijana. Flashi ya harusi huanza maisha yake ndani ya kabati la vyombo vya wageni, baada ya miezi michache huazimwa kupeleka kazi ya shule kwenye duka la kuchapisha, hapo hukutana na virusi, kisha hurudi ikiwa tupu au ikiwa na filamu. Hili ndilo jambo ambalo wapinzani wa diski, nikiwemo mimi, tunapaswa kulijibu kwa dhati, kwa sababu mteja hanunui video ya kutazama wiki hii tu. Ananunua kumbukumbu ambayo watoto wake wataiona.

Flashi zenyewe zina ulaghai wake. Katika maduka ya katikati ya jiji zimo flashi zilizoandikwa gigabaiti 64 ambazo ndani zina 8. Kompyuta inadanganywa, inanakili bila kulalamika, na faili za mwisho zinapotea. Mpiga video anayenunua flashi kwa rundo bila kuzipima anacheza kamari na sherehe ya mtu. Zipo programu za bure za kupima, kama H2testw, ambazo hujaza flashi yote na kuisoma tena hadi mwisho, na hakuna sababu ya studio inayojiita ya kitaalamu kukwepa kazi hiyo. Kisha kuna suala la mpangilio wa flashi. Televisheni nyingi, hasa za miaka ya nyuma na za bei nafuu, husoma vizuri mpangilio wa FAT32, na mpangilio huo haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Mhariri aliyetoa kwanjula nzima kama faili moja la gigabaiti 18 ataibadilisha flashi iwe exFAT ili faili liingie, itacheza vizuri kwenye kompyuta yake, na jioni mteja atapiga simu kusema televisheni haioni kitu. Malalamiko mengi kwamba flashi hazina uhakika yanatokana na hapo, na diski haina kosa wala sifa katika jambo hilo.

Dawa yake ni rahisi, tena inaifanya video iwe bora. Kazi ikatwe kwa sehemu zake za asili: kuwasili kwa wageni, majibizano ya wasemaji, kutambulishwa kwa bwana harusi, zawadi, chakula na keki, ngoma. Kwa megabiti 12 kwa sekunde katika H.264, ambazo zinatosha kwa HD nzuri, sehemu ya dakika 40 inakaa chini ya gigabaiti 4 kwa usalama. Bibi wa kijijini anayetaka kuona tu alipopewa gomesi yake hatalazimika kusubiri saa mbili za hotuba. Menyu ya diski ilikuwa ikifanya kazi hiyo hiyo, na nakiri kwamba menyu zilizopambwa zilikuwa na mvuto wake, lakini majina ya faili yaliyoandikwa kwa mpangilio unaoeleweka yanamfikisha mtazamaji pale pale.

Ama kuhusu intaneti, ambayo vijana wa studio huitaja kama mwisho wa mjadala wote, nitaipitia kwa ufupi. Kiungo cha kupakua ni njia nzuri ya kumfikishia kaka wa Boston video yake bila kumtesa na kasi za picha, lakini ni njia ya kufikishia tu. Gigabaiti 20 kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde zinahitaji zaidi ya saa 4 bila kukatika, na tangu Julai 2021 data hapa Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12 uliochukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018. Wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa kabisa nchini kwa siku kadhaa. Nafasi ya bure ya Google ni gigabaiti 15 zinazogawanywa na barua pepe, na viungo vya kulipia hufa siku studio inapoacha kulipia. YouTube hutambua nyimbo zenye wenyewe na inaweza kunyamazisha sehemu ya ngoma, ambayo kwa familia nyingi ndiyo sehemu yenyewe. WhatsApp inafaa kwa kipande cha dakika 2 cha kuwaonjesha watu. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayodai ridhaa ya mtu kabla ya taarifa zake kutumiwa, na sura za wageni 400 waliokaa hemani ni taarifa zao. Studio inayopandisha kwanjula ya mteja kwenye ukurasa wake kama tangazo bila kuomba idhini inajitafutia kesi.

Turudi kwenye hifadhi, kwa kuwa ndiko diski inakoweza kudai nafasi. Diski za kurekodia hazidumu milele eti kwa sababu hazifutiki. Zile za rangi-kemikali hudhoofishwa na mwanga wa jua na joto, na stika za karatasi zinazobandikwa juu ili kuonyesha picha ya maharusi huinuka kwa unyevu na kuyumbisha mzunguko. Katika Blu-ray tabaka la data liko milimita 0.1 tu kutoka uso wa diski, wakati katika DVD liko milimita 0.6, kwa hiyo usalama wake wote unategemea ule utando mgumu wa juu. Utando huo ni imara kweli, imara kuliko uso wa DVD, lakini ukishakwaruzwa kwa kina hakuna cha kusafisha. Blu-ray nzuri iliyotunzwa gizani ndani ya kasha inaweza kukaa miaka mingi, na zipo aina maalumu kama M-DISC zilizobuniwa kwa ajili ya hifadhi ndefu. Studio ikitaka kuchoma video iliyokamilika kwenye diski ya namna hiyo na kuiweka kwenye kabati lake yenyewe, kama kinga dhidi ya mpwa na sabufa, nitaiunga mkono. Hapo diski inafanya kile inachokiweza, mikononi mwa mtu mwenye mashine ya kuisoma.

Isidhaniwe tu kwamba itahifadhi kazi yote. Kamera 2 za 4K zinazorekodi megabiti 100 kwa sekunde kwa saa 5 hutoa gigabaiti 450 za picha ghafi, ambazo ni diski 18 za gigabaiti 25. Hakuna mpiga video ninayemfahamu mwenye subira hiyo. Picha ghafi zitakaa kwenye diski kuu za nje, mbili na zilizowekwa mahali tofauti, kwa muda utakaotajwa kwenye mkataba, kisha zitafutwa.

Linabaki lile ambalo wenye studio hunieleza kwa sauti ya chini, kwamba flashi haina heshima. Baba wa bibi harusi anapokabidhiwa kasha lenye picha ya binti yake, jina la familia na tarehe, anapokea kitu. Anapokabidhiwa kiplastiki cha ukubwa wa kidole anahisi amepunjwa, hata kama ndani yake kuna video bora mara nne. Sidharau hisia hiyo, na sioni kwa nini ijibiwe kwa diski isiyochezeka. Wachapaji wa Nasser Road wanaotengeneza kadi za mialiko hawashindwi kutengeneza kasha gumu lenye picha, ukurasa wa majina ya sehemu za video, na nafasi mbili za flashi zilizochongwa ndani ya sifongo. Kasha kama hilo linakaa kwenye rafu kando ya albamu, na gharama yake pamoja na flashi mbili zilizopimwa inashindana vizuri na Blu-ray mbili ukihesabu diski, wino, muda wa kuchoma na zile zinazoharibika njiani.

Hata DVD, nikiulizwa, bado naiona na nafasi ndogo ambayo Blu-ray haina: nyumba nyingi za vijijini zina deki zake, na kwa mzee asiye na televisheni ya USB nakala ya DVD yenye ubora hafifu inayocheza ni bora kuliko ya HD isiyocheza. Ile hila ya kuchoma HD ya AVCHD kwenye DVD tupu ili kuokoa fedha, ambayo hutoa kama dakika 35 tu na husomwa na baadhi ya deki za Blu-ray pekee, ingefaa iachwe kabisa. Diski ile inafanana na DVD kwa sura, itaingizwa kwenye deki ya DVD, na deki itaitema.

Wapo wateja wachache ambao Blu-ray inawafaa kweli: mwenye deki nzuri na skrini kubwa anayeijua tofauti, familia iliyo Uingereza inayotunza mkusanyiko wake wa diski, taasisi inayotaka nakala isiyofutika ya mahafali yake. Hao watengenezewe. Iandikwe kama kipengele cha peke yake chenye bei yake, nje ya kifurushi, ikitajwa kasi ya picha na nchi itakakochezwa, na malipo ya kipengele hicho yafanyike baada ya diski kuchezwa kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya mwisho kwenye deki ya mteja mwenyewe.